Safari Yetu ya Kuona Mizabibu

Kwa muda wa miaka 22 tumewafundisha watoto wa shule yetu, hapa kando ya Ghuba ya Mwanza, somo la mzabibu na matawi yake, wala katika miaka hiyo yote hatukupata kuona mzabibu hata mmoja kwa macho yetu. Twaungama jambo hili mbele ya wasomaji, maana twajua kwamba walimu wengi wa ufuko huu wa ziwa ni kama sisi. Twafundisha habari za theluji, na za mierezi ya Lebanoni, na za mizabibu, kama mtu anayesimulia harusi aliyoisikia kwa jirani.

Mwaka jana msichana mmoja wa darasa la nne alisimama akauliza, "Mwalimu, mzabibu unafanana na nini?" Tukashika chaki, tukachora ubaoni mmea unaotambaa, tukamwambia kwamba wafanana na mmea wa maboga, ila matunda yake ni madogo, nayo hukaa pamoja kwa vishada. Yule mtoto akatazama ubao kitambo, akasema, "Mbona basi mama hakati matawi ya maboga yake akayatia motoni?" Wenzake wakacheka, nasi tukamwamuru aketi. Lakini swali lake lilitufuata hata nyumbani, kwa sababu lilikuwa swali la haki, na kwa sababu ya jambo jingine ambalo yule mtoto hakulijua.

Jambo lenyewe ni hili. Tunaye mdogo wetu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, mvuvi wa dagaa. Katika ujana wake alikuwa mtu wa kazi na wa maneno ya kuchekesha, na usiku wa giza taa za mtumbwi wake zilikuwa za kwanza kuonekana majini. Halafu akaanza kunywa gongo. Alianza kidogo, kwa ajili ya baridi ya usiku, kama wasemavyo wavuvi. Kisha akanywa hata mchana, kisha akauza wavu wa marehemu baba yetu ili apate fedha ya kunywa. Hapo ukoo ukaitwa. Sisi, tulio wakubwa wake na tena mwalimu wa dini, tukapewa nafasi ya kusema. Tulisimama mbele ya mama yetu, na mbele ya mkewe na watoto wake, tukasema kwamba yeye ni tawi kavu, limekwisha kukatwa, halina kazi tena ila kutupwa motoni. Tulilisema kwa sauti ile ile tunayoitumia darasani.

Hakujibu kwa hasira. Alisema tu, "Haya, kaka, nimesikia." Alfajiri akapanda mtumbwi wa watu wa Ukerewe, akaenda zake. Miaka sita ikapita. Tangu siku ile sisi nasi tuliacha kabisa pombe ya kila namna, hata togwa iliyochacha, na tukahakikisha kwamba kila mtu kijijini anajua.

Basi hata ilipokuja habari kwamba walimu wa dini na makatekista wa parokia yetu wanakusanya fedha kwa safari ya Dodoma, wakaone mashamba ya mizabibu na namna divai inavyotengenezwa, tulikuwa wa kwanza kuandika jina. Tulichanga kidogo kidogo kwa miaka miwili, na katika likizo fupi ya mwezi wa Septemba tukaondoka, watu 14, kabla jogoo hajawika. Mkubwa wetu kwa umri alikuwa katekista mmoja aliyepita miaka 70, mtu wa mizaha, ambaye alisema kwamba amewahudumia mapadre altareni tangu utoto, na kabla hajafa angependa kujua kile anachokimimina chatoka wapi.

Kutoka Mwanza hata Dodoma ni kiasi cha kilomita 700. Tulipita Shinyanga na Nzega na Igunga, tukavuka mbuga ya Wembere, tukapanda mlima wa Sekenke, tukafika Singida jua likiwa kali, tukaendelea kwa Manyoni na Bahi, tukaingia Dodoma usiku. Njiani yule mzee katekista alitukumbusha habari ambayo wengi wetu tulikuwa tumeisoma bila kuifikiri. Mapadre weupe wa kwanza walifika Kageye, katika ufuko wetu huu wa kusini ya ziwa, mwishoni mwa mwaka 1878, na mwaka 1883 wakajenga misheni ya Bukumbi. Walitoka Bagamoyo kwa miguu, mizigo yao ikichukuliwa na wapagazi, wakapita nchi ya Wagogo na nchi ya Wanyamwezi. Kwa sheria ya Kanisa divai ya Misa ni lazima iwe ya zabibu, tena isiyoharibika. Na huku bara zabibu hazikuwapo. Kwa hiyo divai ilipaswa kuletwa kutoka mbali, ng'ambo ya bahari. Shirika lenyewe lilianzishwa Algeria mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, Mfaransa, na huko Maison-Carrée mapadre walikuwa na mashamba yao ya mizabibu. "Fikirini," akasema mzee, "divai ya kwanza ya ziwani ilipita juu ya vichwa vya watu katika nchi hii hii ya Ugogo, kavu, na hakuna aliyejua kwamba siku moja ardhi hii itaitoa yenyewe."

Asubuhi tulipelekwa kwanza Bihawana, kwenye misheni, ambako wenyeji husimulia kwamba wamisionari walipanda mizabibu mwaka 1957. Mapadre Wapasionisti kutoka Italia walikuwa wamekwisha kuja Dodoma tangu mwaka 1934, na huko kwao kila kijiji kina mizabibu. Si ajabu basi walipoona jua hili na udongo huu wa kichanga wakakumbuka nyumbani. Baada ya hapo tukaenda upande wa Hombolo, ambako mashamba ni mengi.

Aliyetuongoza alikuwa binti mmoja bibi shamba, mwenye kofia pana na viatu vya mpira. Alitusalimu, "Shikamooni, wazee wangu," kisha akatufundisha kusalimu wenyeji kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nasi tukamfundisha "Mwadila," ya Kisukuma, tukaingia shambani kama watu tuliojuana zamani.

Sasa wasomaji watataka kujua mzabibu unafanana na nini. Haufanani na mmea wa maboga. Ni mti. Shina lake ni gumu, jeusi, limejipinda kama mkono wa mzee, na gome lake hubanduka kwa nyuzi nyuzi. Hauna nguvu za kujisimamisha wenyewe, kwa hiyo wakulima huchomeka nguzo kwa mistari na kufunga waya juu yake, na matawi hulala juu ya zile waya kama nguo zilizoanikwa. Majani ni mapana, yamekatikakatika kando yake, na chini ya majani vishada huning'inia, vizito, vyeusi kwa wekundu, vikiwa na vumbi jeupe juu yake kama unga. Aina iliyo nyingi huko huitwa Makutupora nyekundu, kwa jina la mahali palipo na kituo cha serikali cha utafiti wa zabibu. Tulichuma punje tukala. Zilikuwa tamu kuliko tulivyodhani, zenye ganda gumu na mbegu ndani.

Tukauliza kwa nini zabibu zastawi huko na si kwetu penye maji mengi. Binti akasema kwamba maji mengi ndiyo shida. Kwetu mvua hupita milimeta 1000 kwa mwaka, na majani yasiyokauka hushikwa na ukungu. Dodoma hupata kiasi cha milimeta 550 hadi 600 tu, tena kwa msimu mmoja, toka Desemba hata Aprili. Mzabibu hupeleka mizizi yake chini sana kutafuta maji, na mkulima huongeza kidogo kutoka kisimani. Jua na ukavu hukusanya sukari katika punje.

Kisha akatuonyesha jambo lililotushangaza kuliko yote. Katika mstari mmoja zabibu zilikuwa zikivunwa, wanawake wakikata vishada kwa mikasi na kuvipanga katika makreti. Na ng'ambo ya njia, katika shamba la jirani lililovunwa mapema, mizabibu ilisimama mitupu bila jani, kama iliyoungua. Tulidhani imekufa. Akasema, "La, hiyo inapogolewa." Akatueleza kwamba huko Ufaransa na Italia mzabibu hulala usingizi wakati wa baridi, majani yakapukutika yenyewe, na mavuno huwa mara moja kwa mwaka. Hapa kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Kisu cha mkulima ndicho kinachouambia mzabibu kwamba msimu umekwisha na mwingine waanza. Kwa hiyo Dodoma huvuna mara mbili, kiasi cha Machi na tena kiasi cha Agosti na Septemba. Lakini asipopogoa, mti huendelea kutoa majani tu, nayo matunda huwa haba na madogo.

Aliyekuwa akipogoa ni mzee wa Kigogo, mwembamba, mwenye mkasi mfupi uliong'aa kwa kunolewa. Tulisimama nyuma yake muda mrefu tukimtazama. Alishika tawi, akalihesabu macho yake, yaani vile vinundu ambamo machipukizi hutoka, akaacha mawili au matatu, akakata. Mahali alipokata palitoka maji, tone moja, kisha jingine, yakateremka juu ya gome. Yule mzee katekista akasema taratibu, "Unalia." Mkulima akageuka akasema, "Ndiyo, mzee, hulia siku mbili tatu. Ukiona hautoi maji, ndio uogope. Ule ndio umekufa."

Tukamwuliza kama haya anayoyakata ni yale mabaya. Akatutazama kama mtu anayetazama watoto. "Baba Mwalimu," akasema, "hili nililokata sasa lilinipa vishada vizuri msimu uliopita. Lililokauka nalikata, na lililozaa nalikata pia. Mkasi ni ule ule." Tukanyamaza. Somo hili tulilisoma na kulifundisha mara ngapi, na kumbe nusu yake hatukuwa tumeisikia! Imeandikwa wazi kwamba tawi lizaalo husafishwa lipate kuzaa zaidi. Lakini sisi siku zote tulikimbilia lile neno la moto, kwa sababu watoto hutulia wakilisikia.

Tukauliza tena, "Nayo yaliyokatwa hutupwa wapi?" Akaonyesha kwa mkasi wake. Makavu yalikuwa yamelundikwa pembeni, wanawake huyachukua kuwa kuni. Lakini mengine, mabichi, yenye unene wa kalamu, yalikuwa yamefungwa mafungu mafungu kwa kamba, na miguu yake imefunikwa kwa gunia lililolowa maji. "Hayo si ya kutupa," akasema. "Hayo ndiyo shamba la mwakani."

Akatupeleka kitaluni, chini ya kivuli cha majani makavu. Palikuwa na viriba vya nailoni vilivyojaa udongo, mamia, na katika kila kiriba kimesimama kijiti kimoja kilichokatwa. Vingine vilikuwa vijiti tu. Vingine vilikuwa na jicho moja lililofumbuka, lenye rangi ya kijani hafifu. Mzee katekista akasema, "Kumbe ndivyo viriba vipya tulivyosoma habari zake!" Tukacheka wote, hata mkulima. Lakini sisi wenyewe kicheko chetu hakikudumu. Kwa maana mzabibu haupandwi kwa mbegu. Binti alitueleza kwamba mbegu ya zabibu huleta mti usiofanana na mama yake, kwa hiyo wakulima wa dunia nzima hupanda tawi lililokatwa. Hata huko Ufaransa, mdudu aitwaye filoksera, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1868 akila mizizi, alipoangamiza mashamba makubwa makubwa, waliokoa mizabibu yao kwa kukata matawi na kuyabebesha juu ya mashina ya mizabibu ya Marekani, ambayo mdudu yule hawezi kuyaua. Zabibu mashuhuri za huko, karibu zote, leo huzaliwa na matawi yaliyokatwa yakapata shina jingine.

Tukamwuliza yule mkulima ni mangapi yanayoshika. Akasema, "Si yote. Mengine huoza. Ila hujui lipi mpaka umelitia udongoni na kulinywesha. Mimi siwezi kutazama kijiti nikasema hiki kimekufa. Nikisema hivyo nitakosa shamba." Kisha akarudi kwenye kazi yake, maana hakuwa na habari kwamba ametuhubiria.

Hatusemi kwamba Neno la Bwana limekosea. Mungu apishe mbali. Tawi haliwezi kuzaa lisipopata uhai kutoka katika mzabibu, na yule mkulima alituonyesha hilo kwa lundo la kuni. Twasema tu kwamba kukata ni kazi ya mwenye shamba, naye hukata akijua analotaka. Na sisi tulinyakua mkasi usio wetu, mbele ya mama yetu mzazi.

Alasiri tuliingizwa katika kiwanda cha divai, au mvinyo, kama wengi waitavyo. Tuliona makreti yakimiminwa katika mashine inayotenga punje na vikonyo vyake na kuzipasua. Kinachotoka wenyewe hukiita mchuzi wa zabibu. Kwa divai nyekundu mchuzi huachwa pamoja na maganda, maana rangi haimo katika maji ya zabibu bali katika ganda. Kwa divai nyeupe maganda hutolewa mapema. Hamira hula sukari, hutoa hewa na kugeuza mchuzi kuwa divai. Ndani ya mitungi mikubwa ya chuma, mirefu kuliko nyumba zetu, tulisikia sauti kama ya uji unaotokota, na hakuna moto. Zabibu haziwezi kungoja. Zikishavunwa zikakaa, huharibika, ndiyo maana mkulima asiyepata mnunuzi kwa wakati hupoteza jasho la miezi mingi kwa siku chache. Tuliambiwa kwamba wako wakulima wanaoungana kukamua mchuzi wao wenyewe na kuuhifadhi, wasilazimike kuuza kwa bei ya huruma. Tuliambiwa pia kwamba divai ya altare hutengenezwa Dodoma, na mzee katekista akaomba aguse pipa lake, akaligusa kwa kiganja kizima.

Mwisho tuliketishwa mezani kuonja. Kila mmoja alipewa gilasi yenye shingo ndefu, na binti akatufundisha taratibu. Kwanza uiinue mbele ya karatasi nyeupe utazame rangi, kisha uizungushe polepole, kisha unuse, kisha unywe kidogo uizungushe kinywani, kisha uteme katika ndoo iliyo pembeni. Hapo mzee katekista akaweka gilasi chini. "Binti yangu," akasema, "tangu nizaliwe sijaona mtu akitema divai. Hata wale wa harusi ya Kana hawakutema." Yule binti akajibu kwa heshima, "Babu, mwenye kuonja kumi asipotema, ya kumi na moja hataijua." Mzee akafikiri, akasema kwamba yeye ataonja mbili tu, kwa hiyo hana haja ya ndoo. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya zabibu ziitwazo Chenin Blanc. Ya pili nyekundu, ya Makutupora. Alifumba macho kwa ile ya pili, akasema, "Naijua hii," na hakuongeza neno.

Ikawa zamu yetu. Wenzetu wote wakatutazama, maana walijua kiapo chetu, na sisi ndio tuliowajulisha. Tulishika ile gilasi. Siku nyingine tungaliisukuma mbali kwa mkono, tena kwa maneno mawili matatu ya kuwafunza waliokaa. Lakini tulikuwa tumetoka kitaluni. Tukaona, kana kwamba tumeonyeshwa, kwamba miaka sita hii kutokunywa kwetu kulikuwa fimbo. Tuliacha pombe ili mdogo wetu aonekane mbaya zaidi. Hatukupata kumwombea siku moja kwa ajili ya kiapo kile. Tulikihesabu tu, kama mtu ahesabuvyo fedha zake.

Tukanusa ile divai. Ilikuwa na harufu ya matunda, na ya mvua ya kwanza juu ya vumbi. Tukairudisha mezani taratibu, tukamwambia binti kwamba twashukuru, na kwamba hatunywi kwa sababu tunaye ndugu ambaye kwake jambo hili ni vita. Hatukuwahi kulisema hivyo. Yule binti akainamisha kichwa, akatuletea kikombe cha mchuzi mtamu usiochacha, tukaunywa wote. Hatuwalaumu waliokunywa, mzabibu ni kipaji cha Mungu, na Bwana mwenyewe alikichagua. Kila mmoja ajipime mbele ya ndugu yake.

Tulipoondoka, yule mzee wa Kigogo alitupa vijiti viwili vilivyofungwa kwa kitambaa kilicholowa, akasema tusiache kitambaa kikauke. Tulivishika mapajani kilomita zote 700, na kila basi liliposimama tulikinyunyizia kitambaa maji ya kunywa.

Mwezi wa Novemba tukapanda meli ya kwenda Nansio. Tulimkuta mdogo wetu mwaloni, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akishona wavu wa mwenye mali. Alikuwa amekonda, na mvi zimemwingia kabla ya wakati. Alisimama, akatuamkia, "Shikamoo, kaka," kama zamani, akatutafutia mahali pa kuketi. Akauliza kwanza habari za mama. Tukamwambia kwamba mama hajambo, ila macho yamepungua. Kisha tukamwambia neno lililotuleta, yaani kwamba tulilolisema siku ile mbele ya ukoo halikuwa la Injili, lilikuwa la hasira yetu na la aibu yetu mbele ya watu, na kwamba twaomba radhi. Aliendelea kushona kitambo kirefu. Halafu akasema, "Kaka, sitakudanganya. Siku nyingine nakunywa, siku nyingine sinywi. Wiki hii sijanywa. Usimwambie mama kwamba nimeacha, maana sijui." Tukamwambia hatutasema asichotutuma.

Hakurudi pamoja nasi. Alitupa debe la dagaa wakavu kwa ajili ya mama, akatusindikiza hata gatini, akasimama pale mpaka meli ikageuka. Hata siku ya kuandika haya hajaja nyumbani. Lakini kila Jumapili baada ya Misa humpigia mama simu, na mama hutoka nje ya nyumba ili majirani wasikie akicheka. Mkewe naye, ambaye hakutaka jina lake litajwe, juzi aliuliza kama meli ya Nansio huondoka saa ngapi. Hatukumwuliza sababu.

Katika vile vijiti viwili, kimoja kilioza. Cha pili kimo katika kiriba chini ya dirisha la darasa, nacho kimetoa majani manne. Hatutazamii kuvuna divai hapa penye ukungu na mvua. Tumekiweka kwa ajili ya somo. Yule msichana, ambaye sasa yu darasa la tano, ndiye anayekinywesha. Siku ya kwanza alikitazama sana, akauliza, "Mwalimu, hiki nacho kilikatwa?" Tukamwambia, ndiyo, kilikatwa, tena tulikuwapo. Kisha tukamwomba radhi kwa ule mchoro wa maboga, na mbele ya darasa lote tukafuta ubao tukaanza somo upya.

Walimu wenzetu, na ninyi wazazi mnaosoma gazeti hili jioni mbele ya watoto wenu, hatuwezi sote kusafiri mpaka Dodoma. Lakini kila mmoja wetu anaweza kujiuliza kama lile alifundishalo analijua, au analitumia tu kuwatuliza watoto na kuwashinda ndugu. Na ikiwa katika nyumba yako yuko mmoja uliyekwisha kumhesabu kuwa kuni, usingoje kama tulivyongoja sisi miaka sita. Nenda ukamtazame.